Modeli ya kwanza kwenye shiti: pweza, wavuvi na bamvua (kwa anaeanza)

Maswali ya wanaotaka kuanza kujenga modeli (hesabu inayoigiza kitu cha kweli) ni yaleyale. Nianze na hesabu gani, lazima nijue Python (lugha ya kuandikia programu), data ntaitoa wapi, laptopu yangu ya zamani itaweza? Nimeona bora niandike mara moja, akiuliza mtu nampa hii asome. Kwa ufupi: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa kunatosha kwa leo, Python iache kwanza, data utaanza bila, na laptopu yoyote inayofungua shiti (Excel na ndugu zake) inafaa.

Tutajenga modeli ndogo ya mwamba mmoja wa pweza. Pweza nimemchagua kwa sababu hakuna mtu Unguja wala Pemba asiemjua, na kwa sababu pale mwambani kuna vitu viwili vinavyosukumana. Pweza wakiwa wengi watu wanamiminika, watu wakizidi pweza anapungua, akipungua watu wanaondoka zao kwenye mwani, wakishaondoka pweza anarudi, na hadithi inaanza upya. Watu wakisema "mifumo changamano" ndo hivi: ukitazama kipande kimojakimoja hakuna kigumu, ugumu unatoka kwenye kusukumana. Nadharia imeisha hapo.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc. Calc ni bure na inafanya kazi bila bando. Simu inaweza, lakini kuburuta fomula mistari 150 kwa kidole ni adhabu.
- Karatasi na kalamu. Chora duara mbili, PWEZA na WAVUVI, na mishale baina yao. Ukishindwa kuchora kwenye karatasi, kwenye shiti utashindwa zaidi.
- Swali moja. Moja tu.
- Mtu anaeujua mwamba kweli, mama anaekwenda kuchokoa au mzee wa diko lenu. Utamhitaji hatua ya 8, na huko ndo modeli nyingi zinapoharibikia.

Hatua ya 1: Andika swali juu ya shiti

Letu ni hili: tukifunga mwamba miezi mitatu, tukifungua tutapata nini, na faida itadumu? Sio swali la kubuni. Andavadoaka kule Madagascar walianza kufunga maeneo ya pweza mwaka 2004, na kwetu Kisiwa Panza, Pemba, wamefanya pia. Pweza anafaa kwa mambo haya mana anakua haraka mno na umri wake ni mwaka mmoja na kitu tu, kwa hivo miezi mitatu kwake ni muda mrefu.

Liandike kabisa kwenye shiti, herufi kubwa. Baada ya saa moja utaanza kutamani kuongeza papa, joto la bahari, watalii na kodi, na lile swali ndo litakalokurudisha.

Hatua ya 2: Chagua hatua ya muda

Wengi wanaandika "mwezi" au "mwaka" bila kufikiri. Jiulize wewe: watu wanakwenda mwambani lini? Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kutoka nje. Bamvua zinakuja mara mbili kwa mwezi wa mbalamwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yani kila baada ya siku 14.8 hivi, mwaka mzima unapata kama 25. Basi mstari mmoja wa shiti ni bamvua moja, na miezi mitatu ya kufunga ni mistari 6.

Onyo, na hili soma mara mbili: kila namba yako lazima iwe ya kipimo hichohicho cha muda. Kasi ya kuongezeka tutakayoitumia ni 0.2 kwa bamvua. Kwa mwaka hio ni kama 5. Sasa mtu anasoma 5 mahali fulani, anaibandika kwenye shiti yenye mistari ya miaka, anaanza na kilo 500, mwaka wa kwanza anapata 1,750, wa pili anapata hasi 4,812, alafu anasema modeli mbovu. Modeli imefanya ulivoiambia. Hata bila kufika huko, fomula tutakayoiandika hatua ya 4 ukiipa kasi zaidi ya 2 kwa hatua inaanza kurukaruka juu chini yenyewe, na ikipita kama 2.57 inakuwa vurugu tupu isiyotabirika. Mwanasayansi Robert May aliionesha dunia vurugu ya aina hii mwaka 1976 kwa fomula ya mstari mmoja tu. Ni jambo zuri sana kulisoma siku nyingine, ila kwenye shiti yako leo maana yake ni kwamba umekosea kipimo.

Hatua ya 3: Weka paramita (namba za kubadilishabadilisha) pembeni

Safu ya H andika majina, safu ya I namba:

- I1: kasi ya kuongezeka, 0.2
- I2: mwamba ukijaa kabisa, kilo 1000
- I3: sehemu anayoichukua mvuvi mmoja kwa bamvua, 0.005 (nusu ya asilimia moja ya pweza waliopo)
- I4: kilo zinazomridhisha mtu arudi tena, 1.5
- I5: kasi ya watu kuja au kuondoka, 2

Namba hizi nimezichagua ziwe nyepesi kukagua, sio za mwamba wowote wa kweli, kwa hivo usiende nazo kwa sheha ukasema kompyuta imesema.

Na usiandike namba ndani ya fomula. Ukiandika 0.2 katikati ya fomula mistari 150, siku ukitaka 0.25 utalia.

Hatua ya 4: Jenga mstari wa kwanza na wa pili

Mstari wa 1 ni vichwa: A bamvua, B pweza (kilo), C wavuvi, D mwamba wazi, E ongezeko, F mavuno, G kilo kwa mtu.

Mstari wa 2 weka A2 iwe 0, B2 iwe 500, C2 iwe 20, D2 iwe 1. Kwenye D, 1 ni wazi na 0 ni umefungwa. Alafu:

E2: `=$I$1*B2*(1-B2/$I$2)`
F2: `=$I$3*C2*B2*D2`
G2: `=$I$3*B2*D2`

Mstari wa 3:

A3: `=A2+1`
B3: `=MAX(0,B2+E2-F2)`
C3: `=C2`
D3: 1

E, F na G zikopi kutoka mstari wa juu. Alafu shika A3 mpaka G3 buruta hadi mstari wa 152. Una bamvua 150, miaka sita na kidogo. Ukiona safu A au D imejijazia kwa kuhesabu vitu vya ajabu, D iandike 1 mbili mfululizo kwanza ndo uburute.

Ile fomula ya E ni ya zamani, mwanahisabati Verhulst wa Ubelgiji aliitoa mwaka 1838. Inasema pweza wachache wanaongezeka kwa kasi yao, na mwamba ukikaribia kujaa ongezeko linapungua hadi sifuri. Sio zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Ikague kabla ya kuitumia

Watu wanairuka hii wakimbilie grafu. Usiiruke.

Ukaguzi wa kwanza: weka D yote 0, B2 iwe 50. Chora grafu ya B. Lazima upate mstari unaopanda taratibu, unakaza, kisha unalala kwenye 1000. Bamvua ya 16 inatakiwa iwe imeshapita 500 (utaona kama 522). Ukiona vingine, kuna dola ($, alama inayoishikilia seli isihame ukiburuta) imekosekana kwenye fomula.

Ukaguzi wa pili: rudisha D yote 1, B2 iwe 500, C2 iwe 20. Mstari lazima uwe bapa kabisa, mana ongezeko ni 50 na mavuno ni 50. Sasa B2 iwe 800: unashuka wenyewe mpaka 500. B2 iwe 100: unapanda mpaka 500. Popote uanzie unafika palepale, hapo umejua sehemu ya pweza inafanya kazi.

Kumbuka hii 50, tutaihitaji. Kwa namba zetu hakuna njia ya kutoa zaidi ya kilo 50 kila bamvua kwa kudumu, na inapatikana kwa watu 20.

Hatua ya 6: Wavuvi nao waamue

Mpaka sasa wavuvi ni 20 milele, yani kama kuna askari mwambani. Badilisha C3 iwe:

`=MAX(0,C2+$I$5*($I$3*B2-$I$4))`

Buruta chini. Kwa maneno: bamvua iliopita pweza aliekuwepo angempa kila mtu kilo ngapi? Ikizidi 1.5 watu wanaongezeka, ikipungua wanapungua. B2 iwe 500 na C2 iwe 20, alafu linganisha bamvua ya 3: pweza 485.6, wavuvi 25.95. Zikiwa hizo endelea.

Ndio, wavuvi 25.95. Usizungushe iwe 26. Mtu na nukta ni wastani tu, mmoja anakwenda bamvua hii ile haendi. Ukizungusha modeli inaganda mahali ambapo haikutakiwa kuganda.

Chora B na C kwenye grafu moja. Utaona pweza anashuka, wavuvi wanapanda kupita kiasi, kisha wote wanayumba kama miaka miwili kila wimbi, mawimbi yanapungua na mwisho yanatulia karibu na pweza 300 na wavuvi 28. Mavuno hapo ni kilo 42. Yani watu 28 wanapata 42 pale ambapo watu 20 walikuwa wanapata 50. Hakuna mtu mbaya kwenye shiti hii, kila mmoja ameamua kwa akili yake na kwa kilo zake.

Hatua ya 7: Badilisha kitu kimoja, kimoja tu

Weka I5 iwe 12 badala ya 2. Mengine yote yaache.

Sasa habari zimefika haraka, watu wanapigiana simu, "njooni huku kuna pweza". Wavuvi wanapita 60 bamvua ya 4, pweza anaporomoka, bamvua ya 15 hakuna mvuvi hata mmoja mwambani. Alafu pweza anarudi na wao wanarudi, na mawimbi haya hayatulii tena. Kwa namba zetu mpaka wa I5 upo kwenye 8: chini ya hapo mfumo unatulia, juu yake hautulii. Wala mwamba haukubadilika, wala pweza, wala mshipi. Kilichobadilika ni kasi ya watu kuitikia habari.

Kazi ya ile MAX(0, ...) pia utaiona hapahapa. Itoe kidogo utazame bamvua ya 15: unapata wavuvi hasi 7 hivi, watu ambao wanarudisha pweza baharini. Irudishe.

Sasa I5 iwe 2, alafu I4 iwe 1 badala ya 1.5. Hii ni bei kupanda: hoteli zinanunua pweza ghali, basi hata kilo moja inamtosha mtu kurudi. Mfumo unatulia pweza 200, wavuvi 32, mavuno kilo 32. Bei imepanda, na mwamba unatoa kidogo kuliko zamani. Kila anaefika hapa anadhani amekosea fomula. Hajakosea.

Rudisha I4 iwe 1.5, alafu jaribu na I1 iwe 0.25, pweza anaeongezeka haraka zaidi. Wengi wanategemea pweza wabaki wengi mwambani. Watabaki 300 vilevile, watakaoongezeka ni wavuvi, 35. Rudisha kila kitu ulivokikuta kabla hujaendelea, na ukiogopa kusahau kopi shiti nzima kwenye tabo nyingine uiite "asili".

Hatua ya 8: Funga mwamba

B2 iwe 300, C2 iwe 28. Mstari bapa. Sasa D2 mpaka D7 weka 0, hizo ni bamvua 6 za kufunga.

Bamvua ya 6, siku ya kufungua, pweza amefika kama 583, karibu mara mbili. Wavuvi wamekuwa karibu 35 mana wote walikuwa wanajua. Mavuno ya bamvua ile ni kilo 101, wakati zamani ilikuwa 42. Picha zinapigwa, watu wanafurahi, na wana haki ya kufurahi: kilo 252 walizoziacha wakati wa kufunga zinarudi zote kufikia bamvua ya 10.

Endelea kushuka na shiti. Bamvua ya 15 pweza yuko 250 tu, chini ya pale tulipoanzia, na wavuvi wamefika karibu 45. Waliovutiwa na ufunguzi hawakuondoka kwa kasi ile waliojia.

Kabla hujamwambia mtu yeyote, rudi kwenye C3 uisome tena. Fomula ile inadhani wakati mwamba umefungwa watu wanaendelea kuhesabu pweza kwa macho na kujipanga. Hio ni dhana niliyoiweka mimi, haikutoka baharini. Jaribu dhana nyingine: mtu asiepata kitu anakata tamaa anaondoka. C3 iwe:

`=MAX(0,C2+$I$5*(G2-$I$4))`

Sasa wakati wa kufunga kilo kwa mtu ni sifuri, wavuvi wanashuka kutoka 28 mpaka 10, na siku ya kufungua kuna watu 10 wametulia na pweza 583. Hadithi nyingine kabisa. Mwamba uleule, kufunga kulekule, seli moja imebadilika.

Hapa ndo unamtafuta yule mama. Shkamoo, alafu muulize: tulipofunga, watu walikwenda wapi? Siku ya kufungua walikuja wa kijiji tu au na wa mbali? Usimuulize "kasi ya mwitikio ni ngapi", atakutazama tu. Majibu yake yatakwambia fomula ipi ya C ni ya kwenu, na kama zote mbili si zenu utaandika ya tatu.

Ukitaka kuona dawa, jaribu kuweka C iwe 20 kuanzia bamvua ya 6 kwenda chini, yani idadi imewekewa kikomo baada ya kufungua. Pweza anashuka taratibu mpaka 500 anakaa hapo, mavuno kilo 50.

Hatua ya 9: Tia bahati

Bahari haina kasi moja. Kusi likivuma mambo mengine, kaskazi mengine. Kwenye E badilisha `$I$1` iwe `(0.1+0.2*RAND())`, kila bamvua inapata kasi yake baina ya 0.1 na 0.3. Sasa kila ukigusa shiti grafu inabadilika, ni sawa, ndo inavotakiwa. Usiamini grafu moja. Irudie mara nyingi uangalie kipi hakibadiliki, na usichague ile nzuri ya kuweka kwenye ripoti ya skuli.

Ikikwama

*Fomula inakataa, inasema kosa.* Kompyuta nyingine zinataka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya MAX, na mkato badala ya nukta kwenye 0.2. Badilisha lugha ya shiti au badilisha alama.

*0.2 imegeuka tarehe.* Seli ipe aina ya namba, uandike upya. Kuibadilisha tu baada ya kuandika hakusaidii.

*Inasema fomula inajizunguka.* B3 yako inasoma E3 badala ya E2. Kila mstari unasoma wa juu yake.

*Kila mstari una namba moja.* Mara nyingi ni dola iliozidi, umeandika $B$2 badala ya B2. Dola ni za safu I peke yake. Lakini kwanza hakikisha hujaanzia 500 na 20 pale ambapo ubapa ndo jibu lenyewe.

*Wavuvi hawaonekani kwenye grafu.* Wapo, ila 28 mbele ya 300 wanalala chini. Wape mhimili wao wa kulia.

*Namba zinabadilika kila nikifungua.* Ni RAND. Unayotaka kuihifadhi ikopi, uipesti kama namba tupu.

*Nataka kila mvuvi awe na tabia yake.* Shiti haikutoshi tena, nenda NetLogo (programu ya kuigiza mtu mmojammoja), ni bure na ina mifano mingi ndani yake. Lakini jenga huko kitu hikihiki kwanza, uone kama unapata 300 na 28. Usipopata, tafuta kwa nini kabla ya kuongeza kitu.

*Data sina kabisa.* Chukua daftari uende diko bamvua ijayo, na inayofuata. Andika vitu viwili: watu wangapi wametoka mwambani, na kilo ngapi kwa jumla. Gawa. Hio ni safu yako ya G, ndo utakayoilinganisha na modeli, na huhitaji kuzamia kuhesabu pweza. Waandike na waliorudi mikono mitupu, mana hao wanapita kimya kando ya mizani na wastani wako utapanda kwa uongo.